Nyuzi Saba kwenye Nusu ya Kushoto

Wengine huzaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kochi. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikaketi, na ukiondoa kanisa na kwenda kununua nyanya, sijasimama vizuri tangu siku hiyo. Majirani zangu wa Tuwan, hapa Kitale, wakitaka kuniona hawapigi simu kwanza. Wanajua niko. Kaka yangu, ambaye ni karani kwenye ofisi moja mjini Bungoma, huniambia, "Wewe ukifa hatutanunua jeneza. Tutakuzika na hiyo kochi yako."

Hata kazi yangu ni ya kuketi. Natengeneza padi, zile za kuchezea gemu, zinazoshikwa kwa mikono miwili. Vyumba vya gemu mjini ni vingi, na vijana wakifungwa bao wanabonyeza vitufe kama wanaoua siafu, kwa hivyo padi hazikosi kuugua. Wenye vyumba huniletea kwa kikapu, kama viazi. Nazifungua mezani, nasafisha ule mpira ulio chini ya kitufe kwa spiriti na pamba, naunga waya uliokatika, nafunga. Nimekuwa daktari wa wagonjwa wasiolalamika, na hiyo ndiyo aina ya udaktari ninayoiweza.

Kwa hivyo baba alipopatwa na kiharusi kwetu Misikhu, familia haikukaa kikao kirefu. Mama alikuwa amefariki zamani. Kaka ana ofisi. Mimi nina kochi. Baba akaletwa kwangu.

Upande wake wote wa kulia ulikuwa umekufa, mkono na mguu. Maneno nayo yalikuwa yamekwenda, yote isipokuwa moja: "Hapana." Nikimuuliza kama anataka chai, anasema hapana, huku mkono wa kushoto umeshanyooshwa kupokea kikombe. Nikimuuliza kama amelala vizuri, hapana. Mchungaji alipokuja kumwombea na kuuliza, "Mzee, unampenda Bwana?" baba alijibu hapana kwa sauti ya upole sana, na mchungaji akakohoa, akafungua Zaburi. Daktari wa mazoezi alinieleza kwamba ugonjwa huo huwa hivyo, mtu anabaki na neno moja na analitumia kwa kila kitu, nisilitilie maanani. Nikatii. Mimi ni mtiifu sana nikiambiwa nisifanye kitu.

Mkono ule wa kulia ndio uliokuwa umelipatia jina boma letu. Baba alikuwa mpiga litungu. Kwa asiyelijua, litungu ni kinanda chetu cha nyuzi, pipa dogo la mbao lililowambwa ngozi, na nyuzi saba zinazopanda hadi kwenye mti wa juu. Alilipiga kwenye harusi, kwenye tohara, kwenye kilio, kutoka Webuye hadi juu Kapsokwony. Kwetu ni kitu cha wanaume. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo popote, lakini nilipokuwa na miaka saba niliugusa uzi mmoja nikapigwa kijiko cha ugali kwenye vidole, na tangu hapo nikaelewa maandishi. Kaka alifundishwa miaka mitatu akashindwa. Mimi niliketi mlangoni miaka hiyo hiyo mitatu nikichambua maharagwe, na masikio hayapigwi kijiko.

Baba alikuwa na mwenzake. Walitahiriwa mwaka mmoja, maboma yao yametenganishwa na kijito kimoja tu, na kwa miaka zaidi ya arobaini mmoja alipiga na mwingine aliimba. Walikuwa na wimbo wao wenyewe, walioutunga wakiwa vijana. Wala haukuwa wa huzuni. Ulihusu fahali aliyekataa kuvuka mto Nzoia, na wanaume wanne wakimsukuma matako. Walikuwa wameahidiana kwamba atakayebaki ataupiga kaburini kwa atakayetangulia, kabla udongo haujaanguka. Walibishana juu ya jambo hilo kama watu wanaogombania kiti. "Mimi ndiye nitakufa kwanza." "Wewe hapana, huna haraka yoyote maishani, umekuwa ukichelewa tangu tohara."

Kisha mwenzake akashikwa na saratani ya koo. Mwimbaji, na ugonjwa ukachagua koo. Alipiga simu Tuwan adhuhuri moja, na sauti yake ilikuwa kama mtu anayeparuza sufuria.

"Nani huyu? Ni mtu wa kochi?"

"Ni mimi, Baba. Mulembe."

"Mulembe muno. Ati bado uko kwa nyumba tu? Si utaolewa na mende wewe."

"Mende amekataa, Baba. Amesema sitoki."

Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikadhani simu imekatika. "Nipatie huyo mwenzangu."

Niliweka simu kwenye sikio la baba, lakini sauti ilitoka nje na nilisikia yote.

"Wewe, unanisikia? Natangulia bana. Umeshindwa. Sasa usiniletee hadithi za mkono. Nitakungoja pale kwa shimo. Wasinifunike bure."

"Hapana," baba akasema. Machozi yalikuwa yakishuka jicho moja tu, la kushoto, kama kwamba hata kulia kulikuwa kumegawanywa.

"Ati hapana? Uliahidi mbele ya mama yangu!"

"Hapana. Hapana."

Baada ya simu ile baba hakula siku mbili. Siku ya tatu nilimketisha kwenye meza yangu ya kazi, ili nimtazame huku nikifanya kazi, na akachukua padi moja kutoka kwenye kikapu kwa mkono wake wa kushoto. Kidole gumba kikaanza kutembea. Kilikuwa kidole cha mtu anayetafuta kitu. Nilikitazama, na nikajikuta nahesabu. Mishale minne. Vitufe viwili vya begani. Kile kijiti kidogo, ambacho nacho hubonyea ukikisukuma chini. Saba. Nimezifungua padi mamia na sikuwahi kugundua kwamba nusu ya kushoto ina vitufe saba.

Nilimpigia kaka na kumwambia alete litungu kutoka Misikhu.

"Ulipige wewe?"

"Nilipeleke kwa kompyuta."

"Umechanganyikiwa. Kukaa ndani kumekupanda kichwani." Lakini Jumapili akalileta, limefungwa kwenye shuka kama mtoto wa kupelekwa kliniki.

Jambo lenyewe halihitaji akili nyingi. Unaurekodi kila uzi peke yake. Unaziingiza sauti saba kwenye laptopu, ndani ya programu ya bure, na kuiambia kwamba mshale wa juu ukibonyezwa, ulie uzi wa kwanza, na kadhalika. Padi inaungwa kwa waya, laptopu inaungwa kwa spika. Na kwa sababu baba hakuweza kuishika kwa mikono miwili, niliifunga kwenye ubao wangu wa kukatia sukuma wiki kwa vipande vya mpira wa tyubu, ili ubao ukae mapajani na mkono mmoja uwe huru. Kwa wiki kadhaa tulikula mboga zilizokatwa ovyo.

Sasa nifike kwenye kosa, maana lilifanyika mapema, tena kwa bidii.

Nilirekodi baba akiwa amelala, saa nane mchana, baada ya dawa. Ningeweza kumngoja aamke. Lakini nilikuwa mwanamke mzima, mwenye funguo za nyumba yake mwenyewe, na bado niliogopa kijiko cha ugali. Nikajifungia jikoni na litungu, nikaning'iniza blanketi dirishani kuzuia kelele za barabara. Nyuzi tano zilikuwa bado zimekaza vizuri. Mbili, wa tatu na wa sita, zilikuwa zimelegea kwa kukaa ukutani miezi mingi. Nikazikaza mwenyewe. Niliimba kwenye kwaya tangu darasa la nne, najua do re mi, na nilizikaza mpaka zikakaa pale ambapo kwaya ingezipenda. Zililia safi. Nilijisifu kidogo, peke yangu, jikoni, nikiwa na litungu mapajani kama mwizi anayejaribu koti.

Baba alipoamka nilimwekea ubao mapajani. Akabonyeza mshale wa juu na uzi wake wa kwanza ukalia kutoka kwenye spika. Alinitazama. Alitazama padi. Kisha akaangalia litungu lililoegeshwa ukutani, nami nikaangalia sakafu.

"Hapana," akasema, na akaanza.

Sitadanganya kwamba ilikuwa muziki siku hiyo. Lakini wiki ya pili yule fahali alikuwa amefika mtoni. Kidole gumba kilikuwa kikiruka mishale, vidole viwili vikifanya kazi begani, na mambo ambayo mkono wa kulia ulikuwa ukiyafanya zamani, mkono wa kushoto ulikuwa ukiyakumbuka. Jirani yangu, mama mmoja ambaye watu wake walitoka upande wa Murang'a, aliegemea mlango na kusema, "Huyu mzee anacheza gemu gani yenye utamu hivyo?"

Kulikuwa na kitu kimoja tu. Baba alikuwa akipiga vizuri, kisha anakatiza na kubonyeza mshale wa kulia, mara kumi, mara ishirini. Kisha kitufe cha chini cha begani, hivyo hivyo. Ananitazama. "Hapana." Anabonyeza. "Hapana." Uzi wa tatu, uzi wa sita. Uzi wa tatu, uzi wa sita.

Msomaji ameshaelewa. Msomaji si fundi wa padi. Mimi, mtu akibonyeza kitufe kimoja mara ishirini mbele yangu, najua jambo moja tu duniani, kwamba kitufe kimekwama. Nikamwambia, "Pole Mzee, ni uchafu huo." Nikaifungua, nikasafisha mpira kwa spiriti, nikafunga. Akabonyeza. "Hapana." Nikaifungua tena. Nikabadilisha mpira. Nikabadilisha padi nzima. Mara ya nne nilimtania: "Mzee, wewe ni mteja mgumu kuliko vijana wa gemu." Aliniangalia muda mrefu. Kisha akapiga wimbo wote kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, na mimi nikadhani nimemtengenezea.

Mwenzake alifariki Jumatatu. Mazishi yakawa Jumamosi.

Kaka alitupeleka Misikhu kwa gari la kuazima, mimi nikiwa nimekumbatia spika. Boma la mwenzake lilikuwa limejaa, hema tatu, kwaya mbili, na emsii aliyevaa suti ya buluu na kushika maikrofoni kama mtu anayekula mahindi. Kaka alizungumza naye.

"Litungu liko wapi?"

"Ni hii."

Emsii akatazama ubao wa sukuma wiki. "Hii si ni pad ya gemu? Watu watasema tunacheza gemu kwa matanga bana."

"Ni ahadi ya marehemu," kaka akasema. Sikuwahi kumsikia akinitetea, na aliona haya alipofanya hivyo.

"Dakika tano. Wingu lile la mlimani si la mchezo, na mchungaji anataka tumalize."

Jeneza lilikuwa limeshawekwa kwenye mbao juu ya kaburi. Wazee wa rika lao walikuwa watatu tu waliobaki. Walisogeza viti mpaka karibu. Mmoja, aliyeshuka asubuhi kutoka Kapsokwony na koti zito la baridi, akaniuliza, "Sasa mtoto, hiyo ni litungu ama ni ledio?" Wenzake wakacheka. Spika yetu niliiacha garini, ni ndogo kwa umati ule, nikaunganisha laptopu na mitambo ya emsii. Baba akaweka kidole.

Alianza, na wale wazee wakaacha kucheka. Niliona mguu wa mmoja ukianza kugonga chini. Mjane, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akitazama mbali, aligeuza kichwa. Kisha wimbo ukafika uzi wa sita, na ule mguu ukasimama.

Baba naye akaacha kupiga. Akabonyeza kitufe cha begani. "Hapana." Mshale wa kulia. "Hapana." Akanigeukia mbele ya watu wote, uso wake mzima ukivutwa upande mmoja. Nilinyoosha mkono. Na Mungu anisamehe, nilichokuwa nikitafuta mfukoni ni bisibisi.

Yule mzee wa Kapsokwony akasema, taratibu, kama anayemweleza mtoto, "Wacha kufungua. Anakwambia nyuzi si zake. Hizo umekaza za kanisa. Yake huwa chini kidogo. Haifiki huko."

Kuna wakati mtu anakumbuka mambo kwa mpangilio, na kuna wakati yote huja pamoja. Mpira wa kwanza, mpira wa pili, padi ya pili, utani wangu. Karibu mwezi mzima alikuwa ameniambia kitu kile kile kwa neno pekee alilokuwa nalo, na mimi nilimpaka spiriti.

Laptopu inaweza kushusha uzi, kama mkono unavyoulegeza. Nilipiga magoti kwenye nyasi na kuushusha uzi wa sita kidogo. Baba akabonyeza. "Hapana." Nikashusha tena. "Hapana." Sikuwa na njia ya kujua hapana ya kweli ni ipi, hadi nikaacha kusikiliza mdomo na kutazama kidole. Niliposhusha mara ya nne, kidole kiliondoka kwenye kitufe hicho. Kikaenda kwenye mshale wa kulia, kikangoja.

"Dakika zimeisha," emsii akasema.

"Umebaki mmoja. Uzi mmoja tu."

"Dada, mvua."

"Mpe mtoto muda," yule mzee akasema.

"Mzee, watu mia tatu wananyeshewa."

Tone la kwanza lilianguka kwenye laptopu. Nilishusha. "Hapana." Nilishusha. Emsii alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake ilikuwa kuwaondoa watu kabla ya mvua. Aliinama, akachomoa waya wetu kutoka kwenye mitambo yake, akauzungusha vizuri, akanikabidhi. Kwaya ikainua wimbo. Mbao zikavutwa na kamba zikaanza kuteremka.

Baba hakujua kwamba waya umechomolewa, au alijua. Alipiga. Alipiga kutoka mwanzo, uzi wa sita ukiwa sawa na wa tatu bado haujakaa, kwenye padi isiyotoa sauti yoyote, na kilichosikika, kwa sisi tuliokuwa karibu, kilikuwa kubofya kwa plastiki, tk tk tk, hadi koleo la kwanza la udongo. Hapo akaondoa mkono.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, nilichukua litungu, nikalipakata mbele yake bila kuomba ruhusa. Niliushika uzi wa tatu na kuulegeza polepole, nikiugusa kila mara, nikimwangalia. Hakunitazama mimi. Alitazama vidole vyangu. Uliposhuka mahali fulani, si do wala re, mahali ambapo kwaya ingesema mtu amekosea, alifumba macho. Nikarekodi hapo. Nikarekodi na wa sita upya. Nikamwekea ubao mapajani.

Aliupiga wimbo wote. Nilikuwa nimeusikia utotoni mlangoni, nikichambua maharagwe, na nilikuwa nimedhani naujua. Nyuzi zile mbili zilizoshuka ndizo zilizokuwa zikivuta. Bila hizo yule fahali alikuwa anapita tu barabarani. Nilijua sasa kwa nini wanaume wanne hawakumweza. Baba alifika mwisho, akakaa kidogo, akaishika ncha ya waya wa padi kwa mkono wa kushoto, akaivuta mpaka ikatoka kwenye laptopu. Nilimwambia kwamba kaka angeweza kutupeleka Misikhu Jumamosi, tukae kaburini sisi wawili, hakuna emsii. Alinisukumia ubao. Nilimrudishia. Alinisukumia tena, kwa nguvu ambazo sikujua anazo, ukaanguka. Ilikuwa iwe kabla ya udongo. Udongo ulikuwa umeanguka.

Hajaigusa padi tena, na sasa ni mwezi wa tano tangu hapo. Namwekea mezani kila asubuhi. Anasogeza kikombe chake cha chai mbali nayo.

Juma lililopita mjane alinipigia. Alikuwa amesikia kutoka kwa kaka kwamba wimbo ulikaa sawa, huku Tuwan, siku tatu baada ya mazishi. Hakulaumu. Alisema tu kwamba simu yake mpya inapokea sauti, na kama ningeweza kumtumia, angekaa pale nje kidogo akiusikiliza.

Siku ile ya Jumanne laptopu ilikuwa imewashwa, programu imefunguliwa, kitufe chekundu cha kurekodi kikiwa mbele ya pua yangu. Mimi, fundi wa vitufe, sikukibonyeza. Nilikuwa nasikiliza.

"Mama," nikamwambia, "sina."

Nilisikia kuku wakipita karibu naye. Kisha akaniuliza kama mzee anakula.